Bima Haijui Utani

Habari kwamba Mwenyekiti Lukasi anakwenda Ulaya kupumzika ilifika kijijini asubuhi, na kabla jua halijakaa utosini ilikuwa imeshavuka Rudewa hadi Kimamba, imetiwa chumvi na pilipili. Wengine walisema anakwenda kusomea urubani. Wengine walisema ameitwa kutoa ushauri.

"Kupumzika?" aliuliza Kondo, akiwa ameketi kwenye kiti cha Lukasi, ndani ya nyumba ya Lukasi, akitafuna muhogo wa Lukasi. "Kupumzika na nini? Mtu hupumzika na kazi. Huyu atapumzika na kupumzika."

Magreti, mke wa Lukasi, alicheka hadi akaweka mwiko chini. Lukasi hakucheka, ila hakuweza kumfukuza pia. Ukoo wa Kondo na ukoo wa Lukasi walikuwa watani tangu enzi za mababu, na mtani hafukuzwi. Mtani anaingia bila hodi, anakamata kuku wako, anamwita mkeo mke wake, anakutukana mbele ya wakwe, nawe unamrudishia. Siku ukifa, yeye ndiye anayechimba kaburi, anavaa suruali yako, anaigiza mwendo wako mpaka waliokuwa wanalia wanashika mbavu.

Hata hivyo swali la Kondo lilikuwa na maana. Nchi rafiki moja ya Ulaya ya Mashariki ilikuwa imetoa nafasi sita kwa viongozi wa vijiji vya ujamaa vilivyofanya vizuri, wakakae wiki mbili kwenye nyumba ya mapumziko kando ya bahari, wale kabichi na kuoga maji ya chumvi. Kijiji cha Lukasi kilikuwa kimetia fora kwa pamba. Walioilima hiyo pamba walikuwa na majembe. Lukasi alikuwa na filimbi. Alisimama juu ya kichuguu, akapuliza ya kuanza, akapuliza ya kumaliza, na katikati akawaeleza wenzake umuhimu wa kujitegemea.

Kijiji kizima kilimwona mvivu aliyekubuhu. Lukasi aliwaacha waone hivyo, maana ukweli ulikuwa unamtia aibu zaidi. Alikuwa na ngiri. Utumbo ulikuwa unachungulia kinenani kama mpangaji asiyelipa, ukitokeza akikohoa, ukirudi ndani akilala chali. Akibeba debe la maji unatoka mzima mzima. Alikuwa ameufunga kwa kipande cha khanga chini ya kaunda suti yake, na kijijini wanaojua walikuwa watatu tu: yeye, Magreti, na Kondo, ambaye siku moja aliingia bila hodi. Daktari wa Kilosa alikuwa ameshamwambia kwamba dawa yake ni kisu, tena bure. Lukasi alishukuru, akaaga, akapita mlango wa nyuma.

"Ukaseme, mume wangu," Magreti alimwambia jioni ile. "Huko ni mbali. Ikikukamata huko?"

"Nikisema, nafasi anapewa mwingine."

"Apewe."

"Magreti, mimi nimezaliwa mlimani, nimesoma darasa la nne la misheni, sijawahi kuvuka hata Ruvu. Ndege itaruka na jina langu ndani yake. Unataka nimwachie mtu kwa sababu ya utumbo?"

Magreti alimtazama, akaendelea kusonga ugali. Mwanamume akishaona ndege usingizini hasikii tena.

*

Wiki iliyofuata alikuja ofisa wa bima kutoka mjini, kijana mrefu aliyeitwa Lupakisyo, mwenyeji wa Tukuyu, amevaa miwani na soksi zilizofika magotini. Alimwamkia Lukasi shikamoo kwa adabu, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa chini ya banda la ofisi ya kijiji. Watu wakajaa, maana bima ilikuwa kitu kipya na haikuwa na kiingilio.

"Ndugu wananchi," alisema Lupakisyo, "msafiri akiugua ugenini bila bima, ni taabu. Huko kwa wenzetu si kila mahali unatibiwa bure kama hapa. Sisi tunamkatia Ndugu Mwenyekiti bima. Akivunjika mguu, bima. Akiumwa jino, bima. Akifa, bima inamrudisha."

"Inamrudisha akiwa hai?" aliuliza bibi mmoja.

"Inamrudisha ndani ya sanduku, bibi."

Watu waliguna. Lilikuwa jambo zuri, lakini halikuwa zuri kama walivyodhani.

"Sharti ni moja," Lupakisyo aliendelea. "Msafiri aseme ukweli. Akiwa na ugonjwa aliouficha, na ugonjwa huohuo ukamwangusha huko, bima haitoi hata senti. Atajitibu, atajirudisha, na akifa atajizika. Sasa, Ndugu Mwenyekiti. Una ugonjwa wowote?"

"Mimi? Chuma cha reli," alisema Lukasi, akajipiga kifua. Kifua kilikuwa mbali na penye tatizo.

"Vizuri. Na likitokea jambo huko, ugonjwa au msiba, tumwarifu nani?"

Hapo ndipo Lukasi alipokosea, na alikosea kwa moyo mweupe. Mtu wa mjini angesema mke, au kaka, au mtoto mkubwa. Lakini Lukasi alikuwa ameulizwa habari ya msiba, na mambo ya msiba kwao yana mwenyewe.

"Mtani wangu, Kondo."

"Yuko wapi huyo Ndugu Kondo?"

"Niko hapa!" Kondo alijipenyeza mbele, mfupa wa kuku mkononi. Lukasi aliutambua ule mfupa. Jana ulikuwa unawika.

"Ndugu Kondo, wewe kama mtu wake wa karibu, afya ya Mwenyekiti unaionaje?"

Kumuuliza mtani swali hilo hadharani ni kumfungulia ng'ombe shamba la mahindi.

"Afya?" Kondo alisema, akamzunguka Lukasi kama anayenunua punda. "Huyu ana kifafa. Ana pumu. Sikio hili halisikii, na lile linasikia la kwake tu. Meno manne ni ya marehemu babu yake. Usiku anatembea amelala, mchana analala amesimama, nyote mmemwona kichuguuni. Ameshakufa mara mbili, mimi mwenyewe nimechimba, akafufuka aliposikia harufu ya pilau. Mpelekeni Ulaya upesi, akafie huko, mimi nibaki na mke wangu Magreti."

Watu walianguka kwa kicheko. Kitu kimoja Kondo hakukitaja, na Lukasi alikuwa amekisubiri kwa jasho: ngiri. Mtani anachezea uongo. Ukweli wa mwenziwe huupita kwa mbali.

Lakini Lupakisyo alikuwa anaandika.

"Kifafa," alinong'ona, kalamu ikikimbia. "Pumu. Hitilafu ya sikio..."

"Ndugu, unafanya nini?" Lukasi aliruka. "Huo ni utani!"

"Bima haijui utani, Mwenyekiti. Mimi naandika ninachoambiwa na mtu uliyemtaja mwenyewe."

"Futa! Huyu ni mtani wangu! Huyu akikwambia mvua inanyesha, toka nje uanike. Akikwambia nyumba inaungua, ingia ulale. Hajawahi kusema neno la kweli juu yangu tangu azaliwe, na akisema ni kosa, atatozwa mbuzi. Waulize hawa!"

Kijiji kizima kiliapa kwamba ndivyo. Lupakisyo alikuwa amekulia mabweni ya shule, na mambo ya namna hiyo aliyajua kwa mbali. Alifikiri, akafuta, akamtazama Kondo kwa jicho jipya.

"Sawa. Nimeelewa. Kuanzia leo, lolote atakalosema Ndugu Kondo juu ya afya ya Mwenyekiti, sitaliamini."

"Hapo sasa!" alisema Lukasi, akafuta jasho. Alijiona amecheza vizuri sana.

*

Kabla ya safari kulikuwa na semina. Siku hizo hata kuoga kulikuwa na semina. Wasafiri wote sita, kila mmoja na mtu wake wa kuarifiwa, walikusanywa Mikumi kwenye hoteli ya watalii, ili wazoee vitanda vya chemchemi, uma na kisu, na choo cha kukalia. Kondo alizoea vyote kabla ya chakula cha mchana. Lukasi alikwepa sanduku lake tangu Kilosa, akimwachia Kondo alibebe, na Kondo akilibeba kichwani huku akiwatangazia wazungu waliokuja kuangalia tembo kwamba ndani yake mna maiti.

Siku ya mwisho Lupakisyo aliwapanga uwanjani mbele ya hoteli.

"Leo ni zoezi la dharura. Tuseme tumeshafika uwanja wa ndege wa kule. Mizigo hiyo hapo. Mmoja wenu ataugua ghafla. Wengine mtafanya tuliyojifunza: kwanza, kutoa kadi yake ya bima shingoni, halafu kumtafuta mkalimani, halafu kupiga simu ubalozini. Mgonjwa wetu atakuwa..." Alitazama huku na huku. "Ndugu Lukasi. Beba sanduku lako, tembea mpaka kwenye ule mwembe, uanguke."

Lukasi alilitazama sanduku. Magreti alikuwa amelijaza unga wa mahindi, kwa sababu hakuamini kabichi.

"Nianguke bila sanduku, si inatosha?"

"Hakuna msafiri bila mzigo, Mwenyekiti. Au lina uzito kwako?"

Wenzake watano walikuwa wanamtazama. Wenyeviti, wote. Lukasi alilinyanyua, kwa tabasamu.

Alitembea hatua chache, akasikia kitu kikichomoka chini ya khanga. Kilikuwa kimezoea kuchomoka na kurudi. Safari hii kilichomoka, kikabanwa mlangoni. Maumivu yalipanda kutoka kinenani hadi kwenye ulimi. Lukasi aliangusha sanduku, akapiga magoti, akajikunja ubavu juu ya changarawe, akatoa mlio ambao hata yeye hakujua kuwa anao.

"Safi sana!" alisema Lupakisyo. "Mnaona? Hivyo ndivyo!"

Makofi yalilia. Mtalii mmoja alipiga picha. Mwenyekiti wa kutoka kanda ya ziwa alimkimbilia, akampekua shingo, akatoa kadi ya bima na kuiinua juu kama kombe. Mwingine alianza kumwita mkalimani kwa sauti. Watatu waliosalia walibishana nani apige simu ubalozini, kwa kuwa simu yenyewe ilikuwa kipande cha ubao.

Kondo alifanya la kwake. Alijitupa chini kando ya mgonjwa, akalia kilio cha msiba.

"Uuwi! Lukasi amekufa! Nani atatupulizia filimbi sasa? Tutajuaje kama tumechoka? Vua suruali, mwanakwetu, kabla hujapoa, hiyo ni yangu!"

Kisha akangoja. Kwa kawaida tusi hujibiwa kwa tusi, tena papo hapo. Hata Lukasi alipokuwa na malaria ya kuona nyota, Kondo alipomwambia afe upesi alijibiwa kwamba atatangulia yeye. Sasa tusi halikurudi. Kondo alimtazama usoni. Midomo ilikuwa ya kijivu. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye changarawe kama paa linalovuja, na mkono ulikuwa umeng'ang'ania pale pale penye khanga.

Kondo alisimama.

"Ndugu ofisa. Acha mchezo. Huyu anaumwa kweli."

Lupakisyo alitabasamu, akamtikisia kidole. "Najua, najua. Nianike, au siyo?"

"Nakwambia atakufa!"

"Ameshakufa mara mbili, ulisema mwenyewe." Wote walicheka. "Ndugu zangu, mmeona mtani huyu? Hata zoezini haachi."

"Wallahi tena, naapa!"

"Na mvua inanyesha," alisema yule wa kanda ya ziwa, maana kisa cha kuanika wote walikuwa wameshasimuliwa, wakacheka tena.

Kondo aliwatazama mmoja mmoja. Maisha yake yote alikuwa amewachekesha watu, na sasa aliomba wasicheke, wakacheka zaidi. Aligeuka, akapiga magoti tena kwenye changarawe. Akamshika Lukasi mkono, mkono ambao hakuwahi kuushika isipokuwa kuunyang'anya kitu, akainama sikioni.

"Pole," alisema. "Pole sana, ndugu yangu Lukasi."

Lukasi alikuwa amevumilia maumivu. Alikuwa anajiambia kwamba yatapita, kwamba akitulia kidogo utumbo utarudi, atainuka, atapukuta vumbi, atapanda ndege. Neno lile lilimfika kuliko kisu. Mtani hakupi pole. Ukivunjika anakuuliza kama mguu mmoja utauza. Ukifiwa anakudai ubwabwa. Wa kumpa pole mtani wake hajawahi kuonekana upande wa Kilosa wala Mvumi, na kama yupo, basi ameona kaburi limeshachimbwa.

"Kondo," alisema kwa sauti ndogo, "sema unanitania."

"Sikutanii, ndugu yangu."

Lukasi alifumbua macho. Aliiona ndege, akaiona inaruka bila yeye, akaona pia kwamba ni bora iruke bila yeye kuliko yeye aruke bila ndege.

"Nina ngiri!" alipiga kelele, watalii wakageuka na tembo wao. "Nina ngiri! Nimeificha! Nilimdanganya ofisa, nilidanganya kijiji, chuma cha reli ni uongo mtupu! Imebana! Nakufa jamani!"

"Hata kukiri amekiri," Lupakisyo aliwaambia wengine, akiguswa kabisa. "Huyu ni mwigizaji wa..."

Lukasi alitapika juu ya soksi zake ndefu.

Hapo makofi yalikatika. Kondo alifunua kaunda suti, akaivuta ile khanga pembeni, na kila mwenyekiti aliona alichokiona, akarudi nyuma hatua moja. Lupakisyo alivua miwani. Alitazama kadi ya bima mkononi mwa yule wa ziwa, akatazama ubao uliokuwa simu, akatazama tumbo la mtu wa kweli. Semina nzima ilikuwa haijasema ufanye nini mkalimani na ubalozi wakiwa mbali na mgonjwa akiwa karibu.

"Gari!" alipiga kelele mwishowe. "Leteni Landrover!"

*

Walimlaza nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Kondo, Lupakisyo mbele akimhimiza dereva na huku akimwomba apunguze, kwa zamu. Barabara ya Mikumi kwenda Kilosa haikuwa imewahi kusikia habari za mgonjwa. Kila shimo lilimpata Lukasi pale pale. Kondo hakusema lolote. Alimpangusa jasho kwa mkono wa shati lake, na ukimya wake ulimtisha Lukasi kuliko mashimo.

Njiani, kama kila mtu wa upande ule ajuavyo, kuna kijiji kinaitwa Ulaya. Gari lilipoingia hapo, kuku wakiruka kando, Lukasi alihisi kitu kimelegea kidogo, akashusha pumzi ndefu, akapiga mwayo. Kondo alimwinamia, akamchunguza midomo, akachungulia nje.

"Mwenyekiti," alisema. "Tumefika Ulaya. Utashuka, au nikupelekee salamu?"

Lukasi alianza kulia. Machozi yalimtiririka hadi masikioni.

"Mbwa wewe, Kondo," alisema.

"Nani mbwa? Mbwa ni anayekula muhogo wangu nyumbani kwangu."

Mbele, Lupakisyo aligeuka. Alikuwa mtu wa kujifunza. "Anaendeleaje?" aliuliza, lakini hakumwuliza mgonjwa wala dereva. Alimwuliza Kondo.

"Huyu? Ameshaoza," alisema Kondo kwa furaha.

"Mungu ni mkubwa," alisema Lupakisyo, akafuta miwani.

Hata hivyo ngiri haikurudi yote, na Kilosa walimpitisha moja kwa moja chumba cha upasuaji. Daktari, mtu mpole asiyejua kupoteza maneno, alimwambia baadaye kwamba kama ingekuwa angani, hadithi ingekuwa nyingine. Hakumwambia ipi.

*

Lupakisyo alikuja wodini amevaa soksi fupi. Alimwamkia Lukasi, akaketi ukingoni mwa kitanda cha pili, akaeleza kwa huzuni ya kiofisi kwamba bima isingeweza kulipa: kwanza ugonjwa ulifichwa, pili bima ilikuwa ianze ndege ikinyanyuka, na Mikumi si ng'ambo. Lakini pia hapakuwa na cha kulipa, kwa sababu matibabu yalikuwa bure. "Kwa hiyo faili limefungwa vizuri sana," alisema.

"Na nafasi yangu?"

Lupakisyo alikohoa. Alisimulia kwamba ofisi ya wilaya imetoa agizo jipya, kwamba msafiri yeyote aje na mtani wake, aulizwe magonjwa yake mbele ya mtani, na mtani atazamwe usoni. Mwenyekiti wa kijiji cha jirani alipoitwa, alikumbuka kwamba ana mavuno. Katibu wake alikumbuka kwamba anaogopa bahari. Mratibu mmoja kutoka mjini, mnene, mwenye sauti, alifika hadi mlangoni, akamwona mtani wake amekaa ndani anatabasamu, akaenda kuegesha baiskeli na hajaonekana tena.

"Mpaka jana," alisema Lupakisyo, "katika viongozi wote niliowaita, sijapata hata mmoja mzima."

"Kwa hiyo haendi mtu?"

"Anakwenda." Ofisa alitazama mlango.

Magreti aliingia na kikapu cha uji. Alikuwa amevaa viatu. Lukasi alivitazama vile viatu, akamtazama Kondo aliyeingia nyuma yake, akijitahidi kutocheka mpaka mashavu yamevimba.

"Mjumbe wa kamati ya akina mama," Lupakisyo alisema. "Pamba ile kailima yeye na wenzake. Daktari kampima. Mtani wa ukoo wake tulimweka mbele, akasema ana ukoma na mkia. Nilimtazama mtani usoni, anacheka: mama huyu hana kitu."

Wodi nzima ilitega masikio kusikia Mwenyekiti atasema nini. Lukasi alifungua mdomo kwa hasira. Mshono ukamkumbusha, akaufunga. Ile ndege aliyoiona kwenye changarawe ilikuwa inaruka kweli, na ndani yake, dirishani, alikuwa ameketi Magreti na unga wake.

"Usikasirike, mume wangu," Magreti alisema, akimnywesha uji. "Niambie tu. Nikiugua huko, nifanyeje?"

Lukasi alimeza. Alitafuta neno la kiongozi, hakulipata.

"Sema," alisema. "Siku hiyohiyo. Usingoje wakuone."

"Nimwambie nani? Siijui lugha yao."

"Piga kelele tu. Wataelewa."

"Na mimi huku," Kondo alidakia, akichukua kijiko kwa Magreti na kuunywa ule uji mwenyewe, "nitamtunza huyu marehemu mpaka urudi, mke wangu. Akioza zaidi nitakupigia simu."